Tumeibiwa na Nani? Ulumbi wa Mgombea Aliyeshindwa Mbele ya Wafuasi Wake

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za hotuba anaifahamu hii. Mtahiniwa anatakiwa ajifanye mgombea ubunge aliyeshindwa, awahutubie wafuasi wake. Aya ya kwanza inawatambua waliohudhuria kwa itifaki, kuanzia chifu hadi vijana. Aya ya pili inaleta methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Ya tatu inampongeza mshindi, ya nne inaomba amani idumishwe, kisha "Ahsanteni". Sura ya hotuba imezingatiwa, hijai ni nzuri, lakini msahihishaji akiweka kalamu chini hakumbuki hata sentensi moja.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu swali hilo hilo, nikapata insha ya namna nyingine. Haikuwa na methali hata moja. Mgombea alianza kwa kutaja madeni yake: mama mboga aliyefunga kibanda ili afike mikutanoni, kijana wa bodaboda aliyetumia petroli yake mwenyewe, mzee aliyegombana na nduguye kwa sababu ya kura. Baada ya kuyataja alisema kwamba hana cha kuwalipa, akawaomba warudi nyumbani kabla ya giza kuingia. Niliipa alama za wastani, nikaandika pembeni kwamba haikuwa na mapambo ya lugha. Nimeifikiria insha hiyo mara nyingi tangu siku ile, na sasa nakiri kwamba nilikosea. Makala haya yananuia kueleza kosa langu lilikuwa wapi, na kupendekeza njia ya kuihakiki hotuba ya mshinde kama kazi ya ulumbi, si kama fomu ya kujaza.

Hotuba hii ni ya nani?

Katika silabasi yetu ya fasihi simulizi, hotuba na ulumbi huwekwa katika utanzu wa mazungumzo pamoja na soga, mawaidha na malumbano ya utani. Ulumbi ni ule uhodari wa kutumia lugha kwa mvuto na ushawishi mbele ya hadhira. Mlumbi wa jadi alitegemewa wakati wa posa, wakati wa kupatanisha wagomvi na wakati wa msiba. Hotuba ya mshinde, kwa maoni yangu, iko karibu zaidi na msiba. Watu wamekusanyika kwa sababu kitu kimepotea. Tofauti ni kwamba hapa mfiwa ndiye anayepaswa kuwapa pole waliokuja kumpa pole yeye.

Ndiyo sababu suala la hadhira lazima litangulie mengine yote. Nchini Uingereza, kwa mfano, wagombea wote wa eneo bunge husimama jukwaani pamoja wakati msimamizi anaposoma matokeo, na aliyeshindwa huzungumza huku mshindi akiwa hatua chache tu kutoka kwake. Usiku wa uchaguzi wa Mei 1997, Michael Portillo, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, alipoteza kiti cha Enfield Southgate kwa kura 1,433. Alilazimika kuusema ushinde wake mbele ya kijana aliyemshinda, Stephen Twigg, na wafuasi wa kijana huyo wakiwa wanasikiliza. Mazingira ya namna hiyo yenyewe humfunza msemaji adabu.

Mgombea anayewahutubia wafuasi wake peke yao hana ulinzi huo. Wote walio mbele yake wanampenda, wana uchungu, na wako tayari kuamini lolote atakalosema. Hakuna wa kumpinga. Mtahiniwa anayeielewa hali hii ataacha kuandika hotuba ya kumpongeza mshindi tu. Ataandika hotuba ya kuwaambia watu waliovunjika moyo watafanya nini kesho asubuhi.

Vitenzi vitatu

Tukitaka kujua hotuba ya mshinde inasimama wapi, tuanze na kitenzi chake kikuu. Kiswahili kinampa msemaji njia tatu.

Ya kwanza ni "nimeshindwa". Hiki ni kitenzi "shinda" katika kauli ya kutendwa, nafsi ya kwanza umoja. Msemaji anaubeba ushinde peke yake. Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda baada ya kiunganishi "na": nimeshindwa na fulani. Mgombea anayeijaza nafasi hiyo kwa jina la mpinzani wake amekiri kikamilifu. Anayeiacha wazi amekiri nusu, kwa kuwa "nimeshindwa" peke yake huweza pia kumaanisha kutoweza tu, kama mtu asemavyo ameshindwa kuja.

Ya pili ni "kura hazikutosha". Usemi huu umezoeleka sana katika siasa za Afrika Mashariki. Ni tafsida. Kiima cha sentensi si mgombea wala mpinzani, bali kura. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Ni hesabu tu iliyopungua, kama unga usiotosha wageni. Tafsida hii ina faida yake, maana inatuliza na haimlaumu mtu. Ila msikilizaji makini atagundua kwamba inamwezesha msemaji kupita bila kulitamka neno lenyewe.

Ya tatu ni "tumeibiwa". Hapa mabadiliko ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kwanza, nafsi imekuwa ya wingi. Aliyegombea ni mmoja, lakini aliyeumizwa sasa ni kila mtu uwanjani. Pili, kauli ni ya kutendewa. Wanafunzi wetu wanajua kwamba kura ndizo huibwa na wenye kura ndio huibiwa. Kwa hiyo kitenzi kimehamisha macho kutoka kwenye karatasi hadi kwenye watu. Tatu, kiambishi "-me-" kinaonyesha tendo ambalo athari yake bado ipo. Wizi umekwisha kutendeka na kidonda kingali kibichi. Nne, na hili ndilo kubwa zaidi, nafasi ya mtenda imeachwa tupu. Tumeibiwa na nani?

Hoja kuu ya makala haya iko katika swali hilo. Nafasi ya mtenda ikiachwa tupu mbele ya umati wenye uchungu, haibaki tupu. Umati huijaza. Na mara nyingi hauijazi kwa jina la karani aliyebadilisha tarakimu, kwa sababu haumjui. Huijaza kwa jina la mtu wa karibu aliyepiga kura tofauti: jirani, mwenye duka, mpangaji. Katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei, jirani, Mzee Kedi, ndiye anayehusika katika kuiteketeza nyumba ya Ridhaa katika ghasia zinazofuata uchaguzi. Waliosoma riwaya hiyo watakubali kwamba kinachobaki akilini ni moto na ujirani ulioungua. Nje ya fasihi, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini mwetu. Sisemi kwamba kitenzi kimoja kiliua watu hao. Nasema kwamba mwalimu wa lugha wa Kenya hana ruhusa ya kulichukulia suala la mtenda aliyefichwa kama zoezi la sarufi tu.

Kivuli cha Antony

Huenda msomaji akauliza: je, haitoshi mgombea kutaja neno "amani"? Haitoshi, na ushahidi tunao katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963 na kuipitia upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Antony anapanda jukwaani kuihutubia hadhira ya Roma baada ya upande wake kushindwa. Maneno yake ya juu ni ya upole. Anadai hakuja kumsifu marehemu. Anarudia tena na tena kwamba Brutus na wenzake ni watu waheshimiwa. Ukizinakili sentensi zake moja moja utafikiri ni mpatanishi.

Lakini takriri ile inafanya kazi ya kinaya. Kila "mheshimiwa" linaporudiwa linazidi kupoteza maana, hadi hadhira inalisikia kama tusi. Anawaonyesha wosia kisha anakataa kuusoma, mpaka wao wenyewe wanamlazimisha. Anapomaliza, umati unaondoka na mienge kwenda kuchoma nyumba. Njiani unakutana na Cinna, mshairi ambaye hakuhusika na lolote. Kosa lake ni kwamba jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anajieleza kwamba yeye ni mshairi tu, lakini maelezo hayamsaidii. Mtu anauawa kwa sababu ya jina. Mkenya hahitaji mwalimu amfafanulie onyesho hilo.

Funzo kwa mhakiki ni kwamba hotuba haipimwi kwa maneno yake ya juu pekee. Mgombea anaweza kusema "mimi ni mtu wa amani" mara saba na kila mara akaiwasha kiberiti. Maswali ya balagha ni silaha inayopendwa katika kazi hii: "Je, hata ninyi mnaamini matokeo haya?" Swali hilo halimshtaki mtu, lakini nafasi ya mtenda imeachwa wazi tena.

Mfano wa Tennessee, 1970

Sasa tutazame mfano wa mshinde aliyeitumia nafasi hiyo kwa namna nyingine. Mwezi Novemba 1970 Albert Gore, seneta wa jimbo la Tennessee nchini Marekani tangu 1953, alishindwa na Bill Brock. Gore alikuwa amepinga vita vya Vietnam katika jimbo lililoviunga mkono kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1956 alikuwa amekataa kutia sahihi tamko la wanasiasa wa Kusini la kupinga shule kuchanganya watoto weusi na weupe. Rais Richard Nixon na makamu wake, Spiro Agnew, walimfanyia kampeni mpinzani wake. Kwa hiyo alikuwa na watu wengi wa kuwalaumu, na wengine walikuwa wakubwa.

Katika hotuba yake kwa wafuasi alisema kwamba mambo waliyoyapigania hayajafa, kisha akamalizia kwa kusema kuwa ukweli utainuka tena. Ili tuone uzito wa kauli hiyo, lazima tuujue muktadha wake. Tangu majimbo ya Kusini yashindwe katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, msemo wa kujifariji miongoni mwa Wazungu wengi wa huko ulikuwa kwamba Kusini itainuka tena. Kila aliyekuwa ukumbini aliujua. Gore aliuchukua msemo uliokuwa wa wapinzani wake hasa, akang'oa neno moja, "Kusini", akapanda neno "ukweli". Hii ni mbinu ya mwingiliano matini. Msikilizaji anasikia semi mbili kwa wakati mmoja, ule wa zamani na huu mpya, na anaona jinsi mpya unavyoukana wa zamani.

Tuzingatie pia umbo la sentensi. Kiima ni "ukweli". Mgombea ameondoka katikati ya sentensi. Haahidi kwamba yeye atarudi, na hakurudi katika Seneti. Aliwapa wafuasi kitu cha kwenda nacho nyumbani ambacho hakikutegemea yeye kuwa na kiti. Waswahili wana methali inayoikaribia fikra hiyo: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ni mgombea. Uhunzi ni kazi.

Hata hivyo, mhakiki asiwe mpambe. Kusema kwamba ukweli utainuka ni kudokeza kuwa usiku huo ukweli umeangushwa, na hivyo kwamba waliompigia Brock kura waliuangusha. Kuna kijiba cha uchungu ndani ya uzuri huo. Tofauti na Antony ni kwamba kijiba hiki hakielekezi mkono wa mtu yeyote kwenye mlango wa jirani. Kinaelekeza kwenye kazi itakayochukua miaka. Miaka 30 baadaye, tarehe 13 Desemba 2000, mwanawe, Al Gore, alipokubali kushindwa urais, alimnukuu babake aliyefariki 1998 kuhusu jinsi ushinde unavyoweza kumjenga mtu. Ulumbi mzuri huhifadhiwa kwa namna hiyo, kutoka kinywa hadi kinywa, kama tanzu nyingine za fasihi simulizi.

Suala la sajili: Texas, 2018

Mfano wa pili unahusu kiwango cha lugha. Tarehe 6 Novemba 2018 Beto O'Rourke, aliyekuwa mbunge wa El Paso, alishindwa na Seneta Ted Cruz katika jimbo la Texas kwa tofauti ya chini ya asilimia 3. Alikuwa amezitembelea kaunti zote 254 za jimbo hilo. Akiwahutubia wafuasi wake katika uwanja wa besiboli mjini El Paso, alieleza kwamba amezungumza na Cruz na kumpongeza. Nafasi ya mtenda ilijazwa kwa jina, bila kigugumizi. Kisha, katika kuwaambia wafuasi jinsi anavyojivunia kazi yao, alitumia neno chafu, na hotuba ilikuwa ikipeperushwa moja kwa moja kwenye runinga.

Umati ulishangilia. Wengine walikereka. Nani alikuwa sahihi? Swali hili ni zuri darasani kwa sababu linaonyesha kwamba hotuba moja ina hadhira mbili. Kwa waliokuwa uwanjani, neno lile liliondoa ukuta wa itifaki. Lilikuwa ishara kwamba mgombea analia nao. Kwa aliyekuwa sebuleni na watoto wake, lilikuwa ukosefu wa adabu. Simshauri mtahiniwa kutumia matusi katika insha, maana ataadhibiwa, na ni haki aadhibiwe. Namshauri ajiulize ni wapi katika hotuba yake itifaki inapokatika na mtu mwenyewe akasikika. Insha niliyoipa alama za wastani ilikuwa na mahali hapo. Nyingi nilizozipa alama za juu hazikuwa napo.

Na kama aliibiwa kweli?

Hoja hii haiwezi kukwepwa. Je, tunawafunza wanafunzi wetu kwamba kila mshinde anyamaze, hata aliyedhulumiwa? La hasha. Amani isiyoruhusu kusema dhuluma ni amani ya mwenye nguvu. Katiba yetu ya 2010 inampa mgombea ubunge siku 28 baada ya matokeo kutangazwa awasilishe kesi, na Mahakama Kuu inapaswa kuiamua katika muda wa miezi sita. Hotuba ya mshinde aliyedhulumiwa ina haki ya kusema "kura zimeibwa".

Ila iseme yote. Zimeibwa katika kituo gani? Tarakimu za Fomu 35A zinasemaje, na zile zilizotangazwa zinasemaje? Anayeshtakiwa ni nani kwa cheo chake? Atashtakiwa wapi, lini? Hotuba inayojibu maswali haya imeijaza nafasi ya mtenda kwa ushahidi. Inawapa wafuasi hasira yenye anwani. Hotuba inayosema "wao" bila kumtaja "wao" ni nani, hata kama dai lake ni la kweli, imewaachia wasikilizaji kazi ya kutafuta mshtakiwa gizani. Kwa hiyo mhakiki asiulize tu kama mgombea amekubali matokeo. Aulize: kiwakilishi "wao" katika hotuba hii kinasimama badala ya nani?

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Methali yetu ya asiyekubali kushindwa ni njema, lakini inafaa kutamkwa na mtu mwingine. Mshinde anapoitamka mwenyewe anajisifu kwamba yeye ni mshindani wa kweli. Methali katika hotuba ichaguliwe kwa kuzingatia nani anaisema na kwa nani, si kwa sababu tu imekaririwa.

Nimetunga mfano mfupi wa mwili na mwisho wa hotuba ya namna hii, ili tuone vigezo hivi vikifanya kazi:

"Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Nimeshindwa na mwenzangu. Nimempigia simu jioni hii kumwambia hivyo. Najua hapa wapo waliofunga vibanda vyao wiki tatu kwa ajili yangu. Najua wapo walionunua mafuta kwa pesa za karo. Deni hilo sijui nitalilipa vipi, na sitawadanganya kwamba nitalilipa kesho. Barabara tuliyosema itengenezwe bado ni mbovu, nami nitakwenda kumdai mbunge mpya kama mnavyoweza kumdai ninyi. Mkitoka hapa mtapita kwa majirani waliompigia yeye kura. Wasalimieni. Kisima tunachotekea maji ni kimoja."

Hakuna msamiati mgumu hapa. Kuna mtenda aliyetajwa, deni lililokiriwa, kazi inayoendelea bila kiti, na njia ya kwenda nyumbani. Wanafunzi wawekewe vigezo hivyo vinne kando ya vile vya kawaida vya sura, hijai na mtindo, nao watashangaza walimu wao.

Hitimisho

Tumeona kwamba hotuba ya mgombea aliyeshindwa haimhusu mshindi kwanza. Inawahusu watu ambao wamebaki na fulana na mabango ya mtu asiye na kiti. Uzuri wake unategemea kitenzi alichokichagua, nafsi aliyoiweka mbele, na jina alilolitia katika nafasi ya mtenda. Walimu tuna mazoea ya kuhesabu methali kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi wangu yule aliwahesabu mama mboga, kijana wa bodaboda na mzee aliyekosana na nduguye. Kama ningeipata insha yake leo, ningeisoma darasani.

Maswali ya marudio

1. "Kura hazikutosha." Eleza jinsi tafsida hii inavyoweza kumfaa na kumkwaza mgombea aliyeshindwa. (alama 6)
2. Ukirejelea hotuba ya Antony katika Juliasi Kaizari, onyesha jinsi takriri inavyoweza kuzaa kinaya. (alama 6)
3. Wewe ni mgombea ubunge uliyeshindwa na una ushahidi wa udanganyifu katika vituo viwili. Andika hotuba utakayowatolea wafuasi wako. (alama 20)